Pa Kula kati ya Arua na Koboko

Mabasi ya usiku yanayotoka Kampala huingia Arua alfajiri, baada ya safari ya kilomita karibu 500, na abiria wengi hushuka wakiwa na njaa. Asiye na mwenyeji huziona hoteli nyingi zinazofanana: meza zenye vitambaa vya plastiki, dumu la maji ya kunawa mlangoni, ubao wa chaki ulioandikwa wali, matoke, posho (ugali wa mahindi), kuku, nyama. Akiufuata ubao huo peke yake atakula kama alivyokula Kampala, na huenda akaondoka eneo hili la West Nile bila kuonja chakula chake. Hiyo ni hasara kubwa. Ni pembe chache za Uganda ambako mapishi ya nchi tatu yanakaribiana namna hii, Kongo ikiwa upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgeni huyo, awe mfanyabiashara, mtumishi wa shirika, mwanafunzi au jamaa aliyekuja harusini. Shauri lake kuu ni moja: usianze kwa kuchagua hoteli. Chagua kwanza chakula, ujue kinaingia mjini kwa barabara ipi na saa ngapi. Baada ya hapo hoteli zitakazobaki za kuchagua zitakuwa chache, na nyingi kati yake zitakuwa nzuri.

Barabara zenyewe ni rahisi kuzikumbuka. Ile ya kusini hupitia Nebbi hadi Pakwach kwenye mto Nile, na ndiyo njia ya samaki. Ya Vurra huvuka mpaka kwenda Aru, Kongo. Ya mashariki hushuka Rhino Camp, mtoni tena. Ya kaskazini hutoka mjini upande wa Manibe, ikaenda Koboko na kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Lami ya kutoka Vurra hadi Oraba ina kilomita 92, na tangu ilipokamilika mwendo wa Arua hadi Koboko umekuwa mfupi kiasi cha mtu kuweza kunywa chai mji mmoja na kula mchana mji wa pili.

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na mipaka yake ikaongezwa ili kuchukua kaunti ya Ayivu yote, Manibe ikiwamo. Kwenye karatasi hilo ni jambo la utawala. Kwenye sahani lina maana nyingine: mashamba ya mihogo, kunde na ufuta sasa yamo ndani ya jiji. Majani ya kunde yaliyochumwa Manibe asubuhi na mapema yanaweza kuwa chunguni katikati ya mji kabla ya saa sita mchana. Miji mikubwa michache ina bahati hiyo, na mgeni hana sababu ya kuiacha impite.

Basi aanze na enyasa. Huu ndio ugali wa Walugbara, wenyeji wa Arua, unaosongwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi. Muhogo huupa mvuto, nafaka huupa rangi ya hudhurungi na ladha. Enyasa nzuri ni nzito, inashikana bila kunata vidoleni, na huletwa ikiwa bado inatoa mvuke. Iliyokaa sana huota ngozi juu na kuwa ngumu pembeni, na hakuna mchuzi wa kuiokoa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mpishi lihusu saa: enyasa imesongwa saa ngapi? Swali la pili lihusu unga: ni muhogo mtupu au umechanganywa? Mpishi anayejua kazi yake hujibu bila kusita, na mara nyingi hufurahi kuulizwa.

Mwenzi wa enyasa ni osubi, yaani majani ya kunde. Hupikwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo huyalainisha haraka na kuyaacha na rangi ya kijani, kisha hutiwa siagi ya karanga au ya ufuta. Hapa ndipo hoteli hutofautiana. Karanga ni nafuu na hupatikana kila mahali. Ufuta una gharama na kazi zaidi, maana lazima ukaangwe kwa kadiri. Ukizidi moto unakuwa mchungu. Anayetumia ufuta na kuufanya vizuri hapati faida kubwa kwa sahani hiyo, ila anapata wateja wanaorudi kila siku. Ukiona watu wazima wa mjini, wenye jiko nyumbani, wamekaa kwenye benchi wakila osubi, kaa nao.

Mahali pa kuyatafuta haya ni sokoni na mitaa inayolizunguka soko kuu la Arua, ambalo limejengwa upya chini ya mradi wa masoko uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wanawake wanaopika hapo hununua hatua chache kutoka jikoni mwao, kiasi cha kuuza siku hiyo tu. Sufuria huwa tayari kuanzia saa sita, na zile nzuri huisha kabla ya saa tisa. Anayefika saa kumi akakuta wali na nyama tu asiulaumu mji kwamba hauna chakula cha kwao, amechelewa.

Adabu ya kuingia ni ndogo na inalipa. Msalimie mpishi kabla ya kutazama sufuria, umwite mama hata kama ni mdogo kwako. Kiswahili kitakufikisha. West Nile imekizoea kwa njia ya jeshi, biashara na Kongo, na sokoni hakuna anayekishangaa.

“Mama, habari ya asubuhi. Leo kuna nini?”

“Kuna osubi, kuna maharage, kuna angara. Nyama bado.”

Ukisikia kitu bado hakijaiva na ukaambiwa hivyo wazi, umefika pahali pazuri. Anayekuambia kila kitu kipo, asubuhi saa tatu, huenda anakusudia cha jana.

Bei nayo ina utaratibu wake, na wageni kutoka Kenya na Tanzania huchanganyikiwa. Katika hoteli za kawaida za Uganda bei hufuata mchuzi. Ukisema maharage, samaki au kuku, umeshataja bei; posho, wali, matoke, viazi vitamu na mihogo huwekwa pamoja kwenye sahani bila kulipiwa kimoja kimoja. Kwa sababu hiyo usiseme “nipe wali” ukadhani umeagiza. Taja mchuzi, uliza bei yake, kisha useme vyakula unavyotaka viambatane nao. Ukitaka enyasa tupu badala ya mchanganyiko, sema mapema, kwani mazoea ya wengi ni kujaza kila aina.

Samaki wanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndipo mgeni hupata raha kubwa zaidi au maumivu ya tumbo. Arua haina ziwa. Samaki wake wabichi hutoka Pakwach na Panyimur, kule Ziwa Albert linapoutoa mto Nile, zaidi ya kilomita 120 kwa barabara. Ngege na mputa, ambao Watanzania huwaita sato na sangara, wakipanda gari asubuhi kwenye barafu hufika wakiwa wazuri. Wakikosa barafu, jua la West Nile halina huruma. Kwa hiyo samaki mbichi wa kukaanga aliwe siku aliyofika, tena mchana, na atazamwe kabla hajaingia kwenye mafuta: jicho liwe angavu, shavu liwe jekundu, nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Mwenye hoteli anayekataa kumwonyesha mteja samaki amekwisha kumjibu.

Ila ladha ya kweli ya Nile hapa iko kwenye samaki waliokaushwa. Angara hutiwa chumvi na kuanikwa juani, au hufukizwa moshi. Ana miba mingi, na anayekula kwa haraka atajuta. Akilowekwa vizuri, akaoshwa chumvi ya ziada, kisha akapikwa taratibu katika karanga au ufuta, hutoa mchuzi mzito wenye harufu ya moshi ambao hakuna samaki mbichi anayeweza kuufikia. Wapo pia wadogo, muziri na ragoge, ambao ni kama dagaa wa Ziwa Albert. Kwa hawa jambo la kuangalia ni mchanga. Wale walioanikwa chini huja nao, walioanikwa juu ya wavu hawana. Tonge moja litakuambia ni wapi mpishi ananunua, na kama meno yamekwaruza, agiza kitu kingine bila kuona haya.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea chakula kikavu na chakula cha siku hiyo. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa. Ilitegemea jenereta na baadaye kituo kidogo cha Nyagak huko Zombo, chenye megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Gridi imefika katika miaka ya karibuni tu. Majiko ya Arua na Koboko yalikua bila kutegemea friji, na mapishi yao bora ni yale yasiyoihitaji: kilichokaushwa, kilichochumwa leo, kilichochinjwa leo. Jiko dogo lililonunua asubuhi na kumaliza jioni ni salama kuliko hoteli kubwa yenye orodha ya vyakula 60 na friji inayozimika na kuwaka. Orodha ndefu katika mji huu iwe onyo kwako.

Mara nyingi mgeni huambiwa ale wanapokula madereva wa malori. Shauri hili lina ukoo wa heshima. Kitabu maarufu cha hoteli barani Ulaya, kile cha Michelin, kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi ili wenye magari wasafiri zaidi, na nyota zake zilianza mwaka 1926. Leo mtu huweza kuchagua meza ya Paris au Brussels kabla hajafunga sanduku. Arua haina kitabu cha namna hiyo, na madereva wa njia ya Juba na ya Ariwara, Kongo, ndio wanaoshika nafasi yake. Lakini madereva wana haja zao: uwanja wa kuegesha, sahani iliyojaa, huduma ya haraka, mlango ulio wazi usiku. Wafuate kwa nyama, supu ya asubuhi na chapati. Usiwafuate kwa osubi, kwa sababu majani hayana subira na hayamsubiri dereva. Kwa chakula cha mboga wafuate walimu, makarani na wenye maduka, watu wanaokula mjini kila siku kwa fedha yao wenyewe na wasioweza kumudu kudanganywa.

Na hoteli kubwa za kulala? Zina kazi yake. Ukiwa na kikao, ukihitaji choo safi, risiti ya ofisini na mahali pa kuzungumza bila kelele, nenda huko. Chakula chao cha mezani hulenga wageni wa mashirika waliojaa Arua tangu vita vya Sudan Kusini vya mwaka 2013 na 2016 vilipoleta wakimbizi wengi katika makambi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Ni chakula cha kuaminika kisicho na asili ya mahali. Nyingi zitakubali kukupikia enyasa na angara ukiomba tangu jana yake, na ni vizuri kuomba. Wageni wengi wakiomba, chakula hicho kitapata nafasi kwenye orodha.

Ukielekea Koboko, usishibe Arua. Mji huo ni mdogo, umekaa karibu na Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hugusana, na asubuhi yake ni ya Kisudani. Mlo wa kutafuta ni ful: maharage mapana yaliyochemka muda mrefu mpaka yakalainika, yakapondwa kidogo, yakamiminiwa mafuta, kitunguu na pengine yai, na kuliwa kwa mkate. Ful ya kweli hulala motoni usiku kucha. Ile iliyopikwa asubuhi hujulikana kwa ganda gumu. Pamoja nayo huja chai ya rangi katika glasi ndogo, tamu sana, yenye tangawizi au mdalasini. Anayetaka sukari kidogo aseme kabla haijamiminwa. Wafanyabiashara wanaotoka Yei na Kaya, Sudan Kusini, hukaa hapo na kuzungumza Kiarabu cha Juba, wenyeji Wakakwa hujibu kwa chochote kinachofaa, na bei za siku hujulikana kabla glasi haijaisha.

Mapishi haya hayakuja jana. Wanubi, wazao wa askari wa gavana Emin Pasha ambao Lugard, afisa wa Uingereza, aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, wameishi Uganda zaidi ya karne moja, na Arua na Koboko ni miji yao pia. Baadaye, serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan, wakarudi katika miaka ya 1980 wakiwa wamezoea majiko ya huko. Ndiyo sababu kisamvu kilichotiwa mafuta ya mawese, ambacho Wakongo hukiita sombe au pondu, si chakula kigeni Arua. Kitafute upande wa barabara ya Vurra na kwa wapishi wanaonunua mawese ya Ariwara. Mawese mazuri yana rangi nyekundu iliyoiva na harufu nyororo; ya zamani hukwaruza koo.

Mwislamu hatapata shida katika eneo hili. Waislamu ni wengi Koboko, Yumbe na katika mtaa wa Oli mjini Arua, na kibao cha halali huonekana mara kwa mara. Asiyekiona aulize tu. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za Koboko hufunga mchana au hupika kidogo, kwa hiyo asiyefunga apange kula Arua au abebe chochote, na asikose jioni, kwani meza za kufuturu ndizo zenye uji, sambusa na nyama bora za mwaka mzima. Anayependa kitimoto naye ana majiko yake Arua, yaliyotengwa na yanayojulikana. Si vizuri kumwuliza mwenye jiko la mbuzi habari za nguruwe.

Jioni ni zamu ya moto. Mbuzi huchomwa kando ya barabara, na kanuni ya kuchagua ni kutazama kipande kabla hakijakatwa na kukubaliana bei kwa kipande hicho. Uliza kama mbuzi alichinjwa leo. Omba muhogo wa kuchoma au kukaanga badala ya chipsi. Muhogo wa West Nile ni mtamu na mkavu kwa ndani, na chipsi unaweza kuzipata popote duniani. Rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai, ni chakula cha kuaminika usiku wa manane kwa kuwa hupikwa mbele ya macho yako. Mvua zikianza, kumbikumbi huruka, na Walugbara huwaita onya. Huuzwa sokoni kwa vikombe, wamekaangwa au wametwangwa kuwa mchuzi mzito. Hawawi kwenye ubao wa chaki, hivyo ni lazima kuuliza, na msimu ukipita umepita.

Tahadhari za kiafya hazihitaji maneno mengi. Kunywa maji ya chupa yenye kizibo kisichofunguliwa au yaliyochemshwa mbele yako. Acha kachumbari mpaka utakapomjua mpishi. Tazama dumu la kunawa: likiwa na maji na sabuni, hata jikoni huenda kuko hivyo, likiwa kavu, ondoka. Chakula kilichofunikwa na kinachofuka mvuke ni salama, hata kama kibanda ni cha mabati yaliyochakaa.

Anayeishi Kampala anaweza kujizoeza kabla ya safari. Arua Park, katikati ya mji, ndiko mabasi na mizigo ya West Nile na Juba hupakiwa, na wapishi wa maeneo hayo wamezoea wasafiri wa kaskazini, Wasudani Kusini na Wakongo. Uliza enyasa hapo, ujifunze jinsi inavyomegwa na kuchovywa, ili siku ya Arua mikono isisitesite.

Ikiwa una mlo mmoja tu West Nile, ule Arua, sokoni, kati ya saa saba na saa nane mchana: enyasa iliyochanganywa mtama, osubi ya ufuta, na angara pembeni. Ukipata na asubuhi moja ya ziada, panda gari la Koboko mapema, pita Manibe kabla jua halijapanda, na ukaagize ful.